Kioo Kikilowa Hakimsikii Nahodha

Boti zetu zinavuliwa vitufe.

Jambo hili linatokea sasa, gatini na kwenye yadi za mafundi, na wengi wanalishangilia. Kifaa cha kupima kina kinang'olewa. Swichi ya pampu inang'olewa. Swichi za taa, honi, redio ya zamani yenye kirungu cha kuzungusha, vyote vinang'olewa. Mahali pake inakaa skrini moja pana, nyeusi, ya kugusa. Fundi anamwambia mwenye boti: "Bosi, hii ni tachi, kila kitu kimo humu." Mwenye boti anatabasamu, anapiga picha, anawatumia rafiki zake.

Kila kitu kimo humu. Hapo ndipo penye hatari.

Skrini ya kugusa inatii boti ikiwa imefungwa gatini, bahari shwari, mikono mikavu. Inakaidi boti inaporuka, mkono umelowa, macho yana chumvi na muda umekwisha. Inakaidi siku ile ile ulipoihitaji.

Manahodha, wenye boti za watalii, wenye boti za uvuvi, wapiga mbizi, mnaovusha abiria Mokowe na Lamu: sikieni kabla kusi haijashika. Kila kazi inayofanywa kwa mkono uliolowa, gizani, kwenye boti inayotikisika, lazima iwe na kitufe. Kitufe cha kweli, kinachoshuka ukikibonyeza. Kazi nyingine zote ziachieni skrini.

Ni hilo tu ninalotaka. Lakini lisipofanyika, watu watakufa maji mbele ya kifaa cha mamilioni kinachofanya kazi sawasawa.

Anzeni kwa kuelewa kioo chenyewe.

Skrini nyingi za leo, za simu na za boti, hazisikii msukumo wa kidole. Zinasikia umeme. Nyuma ya kioo kuna wavu wa nyaya nyembamba zisizoonekana, zenye chaji ndogo. Kidole kikikaribia, chaji inabadilika, na kifaa kinakadiria umegusa wapi. Ufundi mzuri. Lakini maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, na yanapitisha vizuri kuliko maji ya mvua. Tone likitua kwenye kioo, skrini inaweza kulihesabu kuwa kidole. Likitiririka, inaona kidole kinachoburuza. Ramani inaanza kukimbia yenyewe. Inakuza, inapunguza, inafungua ukurasa usiouomba. Watengenezaji wanaijua kasoro hii, ndiyo maana wameandika programu za kuyatambua maji na kuyapuuza. Zinasaidia. Ila programu inayopuuza maji huweza kukipuuza na kidole kilicholowa, na baharini nani ana kidole kikavu?

Muuzaji atakuonyesha alama ya IPX7 kwenye boksi. Atasema haiingii maji. Ni kweli. Alama ile ina maana kwamba kifaa kilizamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na maji hayakuingia ndani kiasi cha kukiharibu. Haisemi lolote juu ya kukuitikia kikiwa kimelowa. Kinapona. Hakikusikii.

Kisha kuna jua letu. Plastiki nyeusi chini ya jua la saa saba mchana inachoma kama kikaango, na baadhi ya skrini zikizidiwa na joto hujipunguzia mwanga ili zisiungue. Zinafifia mchana kweupe, wakati ambapo unahitaji mwanga wote. Ongeza miwani ile ya jua inayokata mng'ao wa maji, ambayo manahodha wengi huvaa na wana haki ya kuvaa: kwa baadhi ya skrini, ukitazama kwa pembe fulani kioo kinakuwa cheusi tii. Ukisikia nahodha anasema skrini imekufa, mwambie kwanza avue miwani.

Sasa mkono.

Chukua boti ya faiba ya futi 23, mashine moja nyuma, imetoka Nungwi inaelekea Mkoani. Bahari imechafuka, mawimbi yanapiga ubavuni. Nahodha amesimama, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye mkono wa gesi. Boti inapanda, inaanguka, inapanda. Kengele ya kina inalia. Anataka kuinyamazisha na kuona namba.

Kwa vitufe: mkono unapapasa, dole gumba linashika ukingo, kidole kinahesabu kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu, kinabonyeza. Kitufe kinashuka, kinarudi. Amejua kimefanya kazi kwa kidole chenyewe. Macho yake hayajaondoka mbele ya omo.

Kwa kioo: lazima macho yashuke. Hakuna cha kupapasa, kioo ni laini kote. Kidole kinaelea hewani bila egemeo. Boti inaanguka, kidole kinagusa pembeni, kinafunguka kitu kingine. Anatafuta pa kurudi. Anagusa tena. Hakijaitika. Anafuta kioo kwa kiwiko cha shati lililolowa. Mkono wake mwingine unasukuma usukani bila yeye kujua.

Boti inaendelea kwenda.

Kwa mwendo wa noti 25, boti hukata karibu mita 13 kila sekunde. Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena, kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Madereva walipewa kazi nne ndogo za kawaida, kama kurekebisha redio na hewa ya ndani, na kabla ya kupimwa walipewa muda wa kuyazoea magari. Volvo kuukuu ya mwaka 2005, yenye vitufe, ilichukua sekunde 10. Gari jipya lililoshika mkia, lenye skrini, lilichukua sekunde 44.9. Hiyo ni lami. Hakuna wimbi, hakuna maji, mikono mikavu, dereva amekaa kwenye kiti na mkanda.

Hamishieni hesabu hiyo baharini. Sekunde 45 kwa noti 25 ni karibu mita 580. Mita 580 nahodha akitazama kioo. Nani kati yenu anaweza kuingia mlango wa mwamba wakati maji yanatoka, akakaa mita 580 bila kutazama mbele?

Wenye magari wameanza kushtuka. Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, imeweka sharti kuanzia mwaka 2026: gari linalotaka nyota zote tano liwe na vidhibiti vya kushika kwa mkono kwa ajili ya taa za kukatia kona, taa za hatari, honi, waipa na mwito wa dharura. Honi. Hata honi imebidi itajwe.

Meli zilishtuka mapema zaidi, na kwa gharama ya roho.

Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, ilikuwa inaukaribia Mlango wa Singapore, njia iliyojaa meli. Kamanda aliona mshika usukani anahangaika kushika uelekeo na mwendo kwa pamoja. Akaamuru kazi zigawanywe: huyu abaki na usukani, mwenzake achukue mwendo. Amri nyepesi. Kwa mikono ya chuma ingekuwa kazi ya mtu kusogea hatua moja. Pale ilikuwa kazi ya skrini. Katika kuhamisha mwendo, usukani nao ukahamia meza ya pili, na hakuna aliyetambua. Mshika usukani akaona chombo hakimtii, akatangaza kwamba usukani umepotea.

Usukani haukuwa umeharibika. Ulikuwa meza ya jirani.

Wakati huohuo mwendo wa rafadha mbili za meli, ambao hutakiwa kwenda pamoja, ulikuwa umetenganishwa kwenye skrini. Ilipotolewa amri ya kupunguza mwendo, ya kushoto peke yake ndiyo iliyopungua. Meli ikakata kushoto, ikaingia mbele ya meli ya mafuta Alnic MC. Saa 11:24 alfajiri ziligongana. Mabaharia 10 walikufa. Wengine 48 walijeruhiwa.

Mikono ya chuma miwili ikiachana, mtu yeyote anaiona. Ataiona gizani kwa kiganja. Kwenye skrini, kuachana kwake kulikuwa alama ndogo tu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipotoa ripoti yake mwaka 2019, lawama kubwa iliiweka kwa jeshi la majini lenyewe: usimamizi dhaifu, mafunzo haba, taratibu zisizotosha. Mabaharia walikuwa wamechoka. Kwa hiyo sitasema kioo peke yake kiliua watu. Lakini bodi ilisema pia kwamba ule muundo wa skrini uliongeza uwezekano wa watu kukosea. Agosti mwaka huohuo jeshi lilitangaza kwamba manowari za aina ile zitarudishiwa mikono ya kushika ya kuongozea mwendo. Mabaharia wenyewe, walipoulizwa, ndicho walichoomba.

Jeshi lenye fedha kuliko majeshi yote duniani limeamua kurudisha mkono. Sisi ndio kwanza tunang'oa mkono na kuweka kioo.

Kuna atakayejibu kwamba boti yake ya futi 23 si manowari. Sawa. Manowari ile ilikuwa na watu kadhaa kwenye daraja la uongozaji. Kwenye boti yako, nahodha ndiye mshika usukani, ndiye mtazamaji, ndiye mpiga redio, na mara nyingine ndiye anayewaambia watalii wakae chini. Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini inamtaka kila nahodha wa kila chombo, kikubwa na kidogo, awe analinda kwa macho na masikio muda wote. Jozi ya macho ni moja. Ukiyapeleka kwenye kioo, bahari imebaki bila mlinzi.

Na simu je?

Tusijidanganye. Pwani hii skrini ya baharini iliyoenea kuliko zote ni simu. Imo ndani ya mfuko wa plastiki, inaning'inia shingoni. Humo mna ramani, mna tochi, mna namba za kuita msaada. Kila nililosema juu ya kioo cha boti ni kweli juu ya simu, na zaidi. Kidole kilicholowa hakiifungui. Uso uliojaa maji hauifungui. Kupitia plastiki yenye ukungu unabonyeza herufi tatu kwa mara moja. Ikipata moto inajizima. Ukitoka mbali na nchi kavu mtandao unakatika, na hapo namba zote ulizozihifadhi ni mapambo. Wavuvi wanaochekwa kwa kubeba kitochi, simu ndogo ya vitufe, baharini wanajua wanachofanya: kinabonyezeka hata kwa mkono wenye magamba ya samaki. Nacho pia kikikosa mtandao hakina msaada.

Nunueni redio ya VHF ya mkononi. Ina vitufe. Haingoji mtandao wa simu. Ina njia ya kufika chaneli 16 kwa mbonyezo mmoja. Ibebwe mwilini, isiachwe kwenye dashibodi, kwa sababu ukianguka dashibodi haiji nawe.

Kama boti ina redio ya kufungwa yenye kitufe chekundu cha dharura, mshukuruni aliyeweka masharti yake. Viwango vya kimataifa havikuruhusu mwito wa dharura ufichwe kwenye menyu. Vilitaka kitufe chake peke yake, chekundu, chenye kifuniko, cha kushikilia sekunde chache ili kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Waliokaa kuandika masharti yale walimfikiria mtu anayetetemeka. Lakini angalieni: kitufe kile kinahitaji redio iwe imeingizwa namba yake ya utambulisho, na iwe imeunganishwa na GPS. Bila GPS, mwito unaondoka bila kusema uko wapi, labda uwe umejaza mahali ulipo kwa mkono. Mwulizeni fundi aliyefunga. Mwambieni awaonyeshe namba ya utambulisho na nukta za GPS kwenye uso wa redio.

Sasa mtu kaanguka baharini.

Hapa nataka tukae, maana hapa ndipo roho zinapopotea. Mtu akianguka, jambo la kwanza ni mmoja kumnyooshea kidole na asiyaondoe macho kwake. La pili ni kuweka alama ya mahali alipoangukia. Kwa noti 20 boti imekwenda mita 100 kwa sekunde 10. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ya mita moja kinaonekana, kinapotea, kinaonekana, kinapotea kabisa. Mkondo wa pwani yetu wakati wa kusi unakwenda kaskazini, na hukaza. Mkondo wa noti 2 unamchukua mtu karibu mita 60 kila dakika. Dakika tano, mita 300. Bila alama ile hujui pa kuanzia kutafuta. Ukiwa nayo unapajua, na unajua mkondo umempeleka upande gani.

Alama ile iko wapi kwenye kifaa chako? Kwenye vifaa vyenye vitufe, mara nyingi ni kitufe kimoja cha kushikilia. Kwenye vifaa vya kugusa tu, imo kwenye kioo: mara nyingine iko wazi kila ukurasa, mara nyingine iko ndani ya menyu. Ndani ya menyu! Mtu anamezwa na maji, nahodha anafungua menyu. Kama kifaa chako kiko hivyo, usitoke nacho kabla hujapata njia nyingine ya kuweka alama hiyo.

Pampu ya ngama. Boti mpya nyingi, na boti za mtumba zinazokarabatiwa, zinafungwa mfumo ambao swichi zote ziko kwenye skrini: taa, honi, pampu, maji ya kunawia. Waya ni chache, dashibodi inapendeza. Lakini skrini ikizimika huna pa kugusa. Na wakati maji yanajaa ngama ndio wakati umeme unaanza kuleta vituko. Pampu lazima iwe na boya lake linaloiwasha yenyewe, waya wake uende moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi, na swichi ya mkono mahali nahodha anapofika bila kupiga magoti. Fundi atasema mfumo una njia ya kuupita ukifeli. Mifumo mizuri inayo. Mwambie akuonyeshe iko wapi. Ikiwa iko chini ya kiti, nyuma ya majaketi ya kuokolea, hiyo ni njia ya fundi. Nahodha hana njia.

Usiku nao una hesabu yake. Jicho linahitaji hadi nusu saa kuzoea giza vizuri, na mmweko mmoja wa skrini yenye mwanga wa mchana unalirudisha nyuma kabisa. Kupunguza mwanga kuwe kwa kitufe. Vifaa vingi hufanya hivyo ukigusa kidogo kitufe cha kuwashia, jaribuni chenu. Taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia ziwe na swichi. Honi iwe na kitufe, na kitufe kiwe karibu na usukani.

Kuna vitufe vya uongo. Jihadharini navyo. Ni alama zilizochorwa chini ya kioo, pembeni ya skrini, zinazofanana na vitufe. Havishuki. Ni skrini ileile kwa jina lingine, na vikilowa vinakaidi vilevile. Na kuna vitufe vya kweli ambavyo kazi yake hubadilika kila ukurasa: hapa kinakuza ramani, pale kinafuta alama. Hivyo vinasaidia nusu. Kitufe cha dharura kiwe na kazi moja, daima.

Sisemi mrudi enzi za mshale mmoja wa dira, ingawa dira isitoke kwenye boti hata siku moja. Skrini ya kugusa ina mahali pake. Kuburuza ramani, kupanga safari jioni, kuandika jina la fungu au la mahali pa kuvulia samaki: yeyote aliyewahi kuandika jina kwa vitufe vya mishale, herufi moja moja, anajua mateso yake. Na vitufe navyo vinazeeka. Mpira wake unapasuka kwa jua, chumvi inaingia, vinakwama. Vioshwe kwa maji baridi kila boti inaporudi, na kila kimoja kibonyezwe hata kama hukihitaji.

Kwa hiyo vyote viwili. Garmin, Raymarine, Furuno na Simrad wote wametengeneza vifaa vyenye kioo cha kugusa pamoja na vitufe, na baadhi vina kirungu cha kuzungusha. Ni ghali zaidi kwa ukubwa uleule wa kioo. Basi punguzeni ukubwa. Skrini ya inchi 9 yenye vitufe ni bora kuliko ya inchi 12 isiyo navyo, na kama fedha hazitoshi hata kwa hiyo, kifaa kidogo cha vitufe vitupu kinachoonyesha kina na mahali ulipo kinaokoa maisha bila kupendeza. Zanzibar siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Namba ya kina iwe na mahali pake pa kudumu, isifunikwe na ramani wala muziki.

Mliokwisha kununua kioo kitupu, msikitupe. Kwa mifumo mingi ya kampuni hizo kuna kibodi ndogo ya pembeni, yenye vitufe na kirungu, inayofungwa karibu na usukani na kukiendesha kioo bila kukigusa. Ulizeni kama chenu kinaikubali. Ifungwe pale kiganja kinapoweza kuegemea.

Mnaokwenda dukani, nendeni na chupa ya maji ya bahari. Nasema kweli. Mwombe muuzaji awashe kifaa cha maonyesho, kimwagie kikombe kimoja juu ya kioo, lowesha mkono, kisha ufanye mambo manne: kuza ramani, weka alama ya mtu aliyeanguka, punguza mwanga, rudi kwenye ramani. Fanya umesimama, mkono mmoja, mwenzako akikutikisa bega. Muuzaji akikataa maji yasiguse kifaa cha baharini, jibu umeshalipata. Akikubali, na kifaa kikakuitikia mara zote nne, mheshimu muuzaji huyo na ununue kwake.

Mafundi, ninyi mna sehemu kubwa. Mwenye boti anafuata mnachomshauri. Akisema ang'oe swichi zote dashibodi iwe safi, mwambieni tatu zinabaki: pampu, taa za njia, honi. Redio inabaki na mahali pake. Akigoma, mwacheni aende kwa mwingine, na mwingine naye amjibu hivyohivyo.

Na wakaguzi wa vyombo, wa TASAC Tanzania Bara, wa ZMA Zanzibar, wa KMA Kenya. Mnapohesabu majaketi na mitungi ya kuzimia moto, ongezeni swali moja ambalo halihitaji karatasi. Nahodha afumbe macho. Apige honi, awashe pampu, afike kwenye redio. Akishindwa kimojawapo, chombo kirudi yadi mpaka kitakaporekebishwa.

Wengine wote msingoje mkaguzi. Kesho asubuhi, boti ikiwa bado imefungwa gatini, zimeni skrini. Simameni kwenye usukani kwa dakika kumi na muendeshe kila kitu ambacho mngekihitaji usiku boti ikijaa maji. Lowesheni mikono. Kila ambacho hakikuwaka, kiandikeni kwenye karatasi, mumpe fundi siku hiyohiyo, na abiria wasipande mpaka karatasi ile iishe.